Chakula Kinapokwama: Njia ya Haraka ya Rufaa kwa Wenye Dalili za Saratani ya Umio na Tumbo



Katika vijiji vingi vya nyanda za juu za Kigoma, habari ya saratani ya umio husimuliwa msibani. Ndugu wa marehemu hueleza kwamba mzee alianza kwa kusema ugali unamkwama kifuani. Akawa anateremsha kila tonge kwa maji. Baadaye akaacha ugali akabaki na uji, kisha uji nao ukashindikana. Alipofikishwa hospitali kubwa alikuwa amekonda, na daktari akasema amechelewa.

Neno hilo "amechelewa" ndilo tunalotaka kulichambua katika toleo hili. Nani alichelewa? Je, ni mgonjwa peke yake, au ni sisi sote tuliokuwa njiani kati ya nyumba yake na chumba cha kipimo? Na kamati ya parokia isiyo na daktari wala mashine inaweza kufanya nini ili muda huo upungue?

Ugonjwa wenyewe

Umio, au koo la chakula, ni bomba la nyama lenye urefu wa kama sentimita 25 linalopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni. Bomba hili hutanuka. Kwa sababu hiyo uvimbe unaoanza ndani yake unaweza kukua kwa muda bila mtu kuhisi lolote, kwa kuwa chakula bado kinapata nafasi ya kupita. Anapoanza kuhisi kwamba chakula kinakwama, njia tayari imekwisha kuzibwa kwa kiasi kikubwa. Ndiyo maana dalili hii haina muda wa kusubiri.

Eneo letu la Afrika lina mzigo mkubwa wa ugonjwa huu. Wataalamu hulitaja eneo linaloanzia Ethiopia na kushuka kupitia Kenya, Tanzania na Malawi hadi Afrika Kusini kuwa ni ukanda wa saratani ya umio. Hapa Tanzania ugonjwa huu umo miongoni mwa saratani zinazoongoza. Duniani kote, makadirio ya mwaka 2022 yalikuwa wagonjwa wapya wapatao 511,000 wa saratani ya umio na vifo vipatavyo 445,000. Kwa saratani ya tumbo, wagonjwa wapya walikuwa kama 968,000 na vifo 660,000. Tukilinganisha tarakimu hizo mbili mbili, tunaona kwamba wagonjwa wengi hugunduliwa wakati tiba ya kuponya imekwisha kuwa ngumu.

Visababishi vinavyofahamika ni pamoja na tumbaku na pombe, hasa pombe kali. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitangaza kwamba vinywaji vya moto sana, yaani zaidi ya nyuzijoto 65, huenda vinasababisha saratani ya umio. Utafiti uliofanywa Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 ulionyesha kwamba watu wengi huanza kunywa chai yao ikiwa na joto la kiwango hicho au zaidi. Nasi tunaoishi kwenye baridi ya milimani tunajua jinsi uji na chai vinavyonywewa vikiwa vinafuka mvuke. Moshi wa kuni ndani ya jiko lisilo na dirisha na meno yasiyotunzwa navyo vimehusishwa na ugonjwa huu. Kwa upande wa tumbo, bakteria aitwaye Helikobakta pilori ni kisababishi kikubwa. Madaktari wawili wa Australia waliomgundua walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005.

Elimu ya kujikinga ni ya lazima na iendelee. Hata hivyo, yule ambaye tayari ugali unamkwama hawezi kusaidiwa kwa kuambiwa apoze chai. Yeye anahitaji kipimo.

Njia ya haraka maana yake nini?

Kwa kawaida mgonjwa hupanda ngazi. Huanza zahanati, akaenda kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya au hospitali ya kanisa kama Kabanga iliyoko Kasulu, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Maweni iliyoko Kigoma mjini, na mwisho hospitali ya kanda kama Bugando iliyoko Mwanza. Kwa magonjwa mengi utaratibu huu ni mzuri, kwa sababu mengi hutibika ngazi za chini na hospitali kubwa hazijazwi na homa ndogondogo.

Lakini mtu mwenye shida ya kumeza hana tiba inayomsubiri katika ngazi za katikati. Anachohitaji ni kipimo cha kamera, yaani endoskopi, ambapo bomba jembamba lenye taa na kamera hupitishwa mdomoni hadi tumboni, na vipande vidogo vya nyama huchukuliwa ili vipimwe maabara. Njia ya haraka ya rufaa ni makubaliano yaliyofanywa mapema kwamba mgonjwa mwenye dalili fulani zilizotajwa wazi apelekwe moja kwa moja mahali penye kipimo hicho, kwa tarehe maalumu, bila kurudiwarudiwa na dawa za vidonda vya tumbo katika kila kituo anachopita.

Nchi nyingine zimepita njia hiyo. Uingereza ilianza mwaka 2000 kuweka lengo kwamba anayeshukiwa kuwa na saratani aonwe na bingwa ndani ya wiki mbili. Mwongozo wao wa mwaka 2015 ulisema mtu mwenye shida ya kumeza apate kipimo cha kamera ndani ya wiki mbili bila kujali umri wake, na vilevile mwenye umri wa miaka 55 au zaidi anayepungua uzito huku akiwa na maumivu ya tumbo la juu, kiungulia au tumbo kusumbua. Mwaka 2023 lengo lao la wiki mbili lilibadilishwa kuwa siku 28 za kupata jibu kamili: una saratani, au huna. Badiliko hilo lina funzo kwetu. Kuonwa na bingwa siyo mwisho wa safari, kwa maana mgonjwa anaweza kuonwa mapema na bado akakaa miezi bila kuambiwa ana nini. Shirika la Afya Duniani nalo, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, lilishauri kwamba kwa ujumla muda kati ya kuanza kwa dalili na kuanza kwa tiba usizidi siku 90.

Dalili ambazo kila mwanakamati azijue

Hatuwataki wanakamati wawe waganga. Tunawaomba wajue dalili chache na wazitaje kwa sauti katika jumuiya, vikundi vya akina mama na mikutano ya vijiji:

1. Chakula kukwama au kupita kwa shida kwa zaidi ya wiki mbili, hasa kikianza kigumu, kikafuata laini, kisha maji.
2. Kupungua uzito bila sababu inayojulikana.
3. Kutapika mara kwa mara, au kushiba baada ya kula matonge machache tu.
4. Maumivu ya tumbo la juu au kiungulia ambacho ni kigeni kwa mtu mzima, au kinachorudi kila dawa inapokwisha.
5. Kuishiwa damu bila sababu inayoeleweka, au uvimbe unaoshikika tumboni juu ya kitovu.

Dalili ya kwanza peke yake inatosha kuandikiwa rufaa ya haraka. Hizo nyingine zipimwe na mganga, na zikiwa mbili au zaidi kwa pamoja zipewe uzito uleule. Kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami ni dharura ya siku hiyo hiyo, isisubiri njia yoyote nyingine.

Tahadhari kuhusu umri: hapa kwetu Afrika Mashariki tusiseme "huyu bado kijana". Hospitali ya misheni ya Tenwek, iliyoko Bomet nchini Kenya, imeripoti wagonjwa wa saratani ya umio wenye umri wa chini ya miaka 30.

Wapo wanaoogopa kwamba kumpeleka mtu kwa njia hii ni kumtangazia kifo. Sivyo. Huko Uingereza, kati ya watu 100 wanaopelekwa kwa rufaa za haraka za kushukiwa saratani, walio chini ya 10 ndio hukutwa nayo. Wengine hukutwa na vidonda, umio uliobana kwa makovu au ugonjwa mwingine unaotibika. Barua ya rufaa ni swali, na watu wengi hurudi nyumbani na jibu jema.

Mahali siku zinapopotea

Siku hupotea katika vituo vinne, na kila kituo kina dawa yake.

Kwanza ni nyumbani. Mgonjwa hujificha kwa kuteremsha chakula na maji, au huacha nyama akisema haitaki tena. Wengine huenda kwa mganga wa jadi, wengine husubiri maombi. Hatupendi kuwagombanisha watu na imani zao. Tunasema tu kwamba sala haizuiwi na barua ya rufaa, na mgonjwa anaweza kuombewa akiwa ndani ya basi la Mwanza. Anayepika ndiye wa kwanza kuona mabadiliko ya ulaji, kwa hiyo elimu hii iwafikie akina mama kabla ya wengine wote.

Pili ni zahanati na duka la dawa. Hapa mgonjwa hupewa dawa za kupunguza asidi. Dawa hizi ni nzuri kwa kiungulia, na ndiyo maana huleta tatizo: zinaweza kutuliza maumivu huku uvimbe ukiendelea kukua. Mganga apewe kanuni moja rahisi: anayekwamwa na chakula asipewe dawa ya asidi na kurudishwa nyumbani bila barua ya rufaa.

Tatu ni njiani. Jiografia yetu si rahisi. Barabara ya kutoka Kabingo kupitia Kibondo na Kasulu hadi Manyovu, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa ya vumbi na tope, imekuwa ikijengwa kwa lami. Kwa anayeelekea Mwanza kupitia Geita, Daraja la J. P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi lilifunguliwa mwezi Juni mwaka 2025, na sasa gari huvuka kwa dakika chache mahali ambapo zamani watu walipanga foleni ya kivuko. Lakini daraja halilipi nauli. Mgonjwa anahitaji nauli yake na ya msindikizaji, mahali pa kulala, chakula, ada ya kipimo na ada ya maabara. Kwa familia ya mkulima wa muhogo na maharage, fedha hizo hutafutwa kwa kuuza mbuzi au kusubiri mavuno, na mavuno yanaweza kuwa mbali.

Nne ni majibu. Mabingwa wa patholojia nchini ni wachache, na kinyama kilichochukuliwa huweza kukaa kikisubiri foleni. Mgonjwa aliyekwisha kurudi kijijini hana habari, na simu aliyoiacha hospitali ilikuwa ya shemeji yake aliyehama. Ni jambo la kusikitisha mtu kupimwa, jibu likapatikana, lakini lisimfikie.

Pendekezo letu kwa kamati

Tunapendekeza kila kamati ikae na waganga wa vituo vyake, pamoja na Mganga Mkuu wa Wilaya, wakubaliane ratiba ya namna hii:

Siku ya kwanza: mgonjwa anaonwa, na barua ya rufaa inaandikwa siku hiyo hiyo. Barua itaje tarehe dalili zilipoanza, anachoweza kumeza sasa, uzito wake, dawa alizokwisha kutumia, na namba mbili za simu, siyo moja.

Kabla ya siku ya 3: mratibu wa rufaa anapiga simu hospitali inayopokea. Anauliza mambo matatu: je, mashine inafanya kazi, mtaalamu yupo, na tarehe ni ipi? Mgonjwa asipande basi kabla maswali hayo hayajajibiwa.

Kabla ya siku ya 14: kipimo kinafanyika na kinyama kinachukuliwa. Mgonjwa aelezwe mapema kwamba atafunga kula kwa saa kadhaa kama hospitali itakavyomwelekeza, na kwamba huenda akapewa dawa ya usingizi, ndiyo maana msindikizaji ni wa lazima.

Kabla ya siku ya 28: jibu linafika, na mgonjwa anasomewa na mtaalamu ana kwa ana, akiwa na ndugu anayemwamini.

Jambo moja la kitaalamu linaweza kuokoa fedha nyingi. Mahali popote palipo na kamera karibu, kinyama kinaweza kusafiri badala ya mgonjwa. Vipande vikichukuliwa vya kutosha, yaani 6 au zaidi, na kuwekwa katika chupa yenye formalini, havihitaji jokofu na vinaweza kusafirishwa hadi maabara ya hospitali ya kanda. Jina liandikwe kwenye chupa yenyewe na siyo kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko hubadilishana.

Kipimo kikionyesha saratani ambayo haijaenea, kuna upasuaji, mionzi na dawa za saratani. Bugando, hospitali inayomilikiwa na Baraza la Maaskofu Katoliki na kuendeshwa kwa ubia na Serikali tangu miaka ya 1980, ina idara ya saratani. Jijini Dar es Salaam ipo Taasisi ya Saratani Ocean Road. Ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali iulizwe mapema kuhusu msamaha wa gharama, na kadi ya bima iangaliwe inaishia ngazi gani.

Ikiwa ugonjwa umeenea, bado njia ya haraka ina faida. Stenti, yaani kibomba cha waya kinachotanuka, huwekwa ndani ya umio ili njia ifunguke. Tenwek wamekuwa wakiweka stenti hizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Haiponyi saratani. Lakini mtu aliyekuwa hamezi hata mate yake huweza tena kula uji mzito, ndizi zilizopondwa na ugali laini wenye mchuzi, akaketi na watu wake mezani. Anayefika akiwa bado na nguvu hunufaika nayo kwa muda mrefu kuliko anayefika akiwa mifupa mitupu.

Neno kwa wafadhili

Wafadhili wetu wengi, kwa nia njema, huuliza: "Je, tununue mashine ya kamera?" Swali ni zuri, lakini jibu lisiwe la haraka. Kamera bila mtaalamu aliyefunzwa, bila dawa na maji safi ya kuisafisha baada ya kila mgonjwa, bila fundi wa kuitengeneza, bila koleo ndogo za kuchukulia kinyama na bila maabara ya kukisoma, ni sanduku la kufungia stoo. Yote hayo yakiwa na mwenyewe, mashine ni baraka. Yasipokuwepo, fedha hiyo itafanya kazi kubwa zaidi ikilipa nauli, ada za vipimo, formalini, mafunzo ya waganga wa zahanati na posho ya mratibu mmoja mwenye simu na daftari.

Nasi wanaparokia tujiulize kwa unyofu. Akifa mtu, mchango wa jeneza na wa gari la kumleta nyumbani hupatikana kwa siku moja au mbili, na tuna haki ya kujivunia umoja huo. Lakini mtu huyo huyo alipohitaji nauli ya kwenda kupimwa, akiwa bado anatembea kwa miguu yake, kikao kiliahirishwa. Tunapendekeza kila parokia itenge mfuko mdogo wa nauli ya uchunguzi, unaoweza kutolewa na watu watatu waliochaguliwa bila kusubiri kikao kikubwa. Mfuko huo uwe wa kila mwenye dalili, wa dini yoyote, kwa maana ugonjwa hauulizi mtu anasali wapi.

Tupime siku

Mwisho, tunaomba taarifa zetu zibadilike. Tumezoea kuandika idadi ya wagonjwa waliosaidiwa. Idadi hiyo haionyeshi walisaidiwa lini. Kila kamati iwe na daftari lenye safu sita: tarehe dalili zilipoanza, tarehe aliyoonwa mara ya kwanza, tarehe ya barua ya rufaa, tarehe ya kipimo, tarehe ya kusomewa majibu, na kilichofuata. Majina yabaki kwa mratibu tu, yasisomwe kanisani wala kutumwa kwa wafadhili. Zinazotakiwa kutumwa ni siku.

Baada ya robo mwaka, kamati itaona wazi ni wapi siku zinapotea. Kama ni kati ya dalili na zahanati, tuongeze elimu. Kama ni kati ya barua na kipimo, tuongeze nauli na simu. Kama ni kwenye majibu, tuzungumze na maabara. Kwa namna hiyo hata parokia ndogo kabisa ya Kibondo au Kasulu itajua shilingi yake ya kwanza iende wapi.

Safari hii inaweza kuanza Jumapili ijayo kwa tangazo la dakika mbili: "Kama chakula kinakukwama kwa zaidi ya wiki mbili, usinyamaze. Mwone mratibu baada ya ibada."